Visiwa vya Msitu: Ushahidi wa Mageuko ya Viumbe katika Milima ya Upare

Mwaka 2004 wataalamu wa elimu ya viumbe walimwandika katika majarida ya sayansi chura mmoja mdogo wa misitu ya Usambara Magharibi, wakamwita Callulina kisiwamsitu. Miaka miwili baadaye, vinyonga wa misitu ya milima ya Afrika ya Mashariki walitengwa na jamaa zao wa kale wakapewa jina jipya la jamii, Kinyongia. Wasomi wa Kiswahili wamezoea kuiona lugha yao ikiazima maneno kutoka kwa watu wa sayansi. Mara hizi mbili sayansi ndiyo iliyokuja kuazima kwetu. Tena jina lile la kwanza halikuwekwa kwa ajili ya pambo. Limebeba hoja ndani yake: kwamba msitu wa mlimani, uliozungukwa na nchi kavu, ni kisiwa, na kwamba viumbe wakaao humo wamepatwa na mambo yale yale yanayowapata viumbe wa visiwa vya baharini.

Nia ya makala haya ni kuifuata hoja hiyo mpaka mwisho wake, na kuonyesha ni ushahidi wa namna gani ulio chini ya maneno ya wataalamu wasemapo kwamba viumbe vyote vina nasaba moja na kwamba aina mpya hutokana na aina za kale. Nimechagua Milima ya Upare na nchi iliyo chini yake, hasa upande wa Bendera, kwa kuwa hapo mambo yaonekana wazi. Nimechagua pia kusema na watu wa lugha, kwa sababu njia itumikayo katika kuupima ushahidi huu wao wanaijua tayari, ingawa huenda hawajapata kuitazama kwa upande huu.

Kwanza yafaa tuliangalie neno lenyewe. Wengine husema mageuzi, wengine mageuko. Mageuzi yatoka katika kitenzi kugeuza, nacho chataka mtendaji. Isitoshe, siku hizi neno hilo limekwisha kutekwa na mambo ya siasa na utawala. Mageuko yatoka katika kugeuka, kwa hiyo ni afadhali. Hata hivyo nalo lina hatari yake. Katika ngano zetu mtu hugeuka simba, na fisi hugeuka kijana mzuri akaenda kuposa. Mwenye kulisikia neno hudhani, basi, kwamba wataalamu wanasema kuna siku ambayo nyani fulani aligeuka mtu. Hakuna mtaalamu asemaye hivyo. Charles Darwin mwenyewe, alipokichapisha kitabu chake juu ya asili ya aina za viumbe mwaka 1859, hakulitumia neno la Kiingereza lenye maana ya mageuko katika chapa ile ya kwanza, ila kitenzi chake tu, nacho ndicho neno la mwisho kabisa la kitabu. Alipenda kusema habari ya kurithi pamoja na kubadilika. Kinachobadilika si kiumbe mmoja mmoja katika maisha yake. Ni kundi zima, kizazi baada ya kizazi, kwa kuwa watoto huwarithi wazazi lakini hawafanani nao kabisa, na tofauti nyingine huwasaidia wenye nazo kuishi na kuzaa zaidi ya wenzao. Katika makala haya neno mageuko litachukua maana hiyo tu.

Sasa tuitazame nchi. Njia itokayo Same ikapita mashariki ya milima huenda Kisiwani, Gonja, Ndungu na Kihurio, kisha ikafika Bendera kabla ya kushuka Mkomazi. Jina la Kisiwani, mahali palipo mbali sana na bahari, limsimamishe msomaji kidogo. Bendera imo katika nchi ya chini, yenye mvua haba, joto jingi, mibuyu na miti ya miiba. Upande mmoja nyika yake inapakana na mbuga ya Mkomazi, iliyofanywa pori la akiba mwaka 1951 na hifadhi ya taifa mwaka 2008. Atazamaye kutoka hapo huona Upare wa Kusini ukiinuka upande mmoja, na ng'ambo ya bonde huona majabali ya Usambara Magharibi. Kilele cha Shengena, katika msitu wa Chome, kinapita mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Huko juu ni baridi na ukungu, miti mirefu yenye kuota kuvu na kangaga. Huku chini vumbi. Mtu hulivuka bonde hili bila shida. Chura wa msituni, ambaye ngozi yake hukauka na kumwua akitoka katika unyevu, hawezi kulivuka hata kidogo.

Habari ya visiwa ndiyo iliyoianzisha elimu hii. Darwin alipita katika visiwa vya Galápagos mwaka 1835, na Alfred Russel Wallace alikaa miaka mingi katika visiwa vya Malaya na Indonesia. Wote wawili, kila mmoja kwa njia yake, walilitambua jambo moja: visiwa vyenye hali ya hewa inayofanana havina viumbe wanaofanana, kila kisiwa kina aina zake, nazo hushabihiana na aina za nchi kavu iliyo karibu, si za visiwa vingine vya mbali vyenye tabia ile ile ya nchi. Maandiko yao yalisomwa pamoja mbele ya chama cha wanasayansi huko London tarehe 1 Julai 1858. Hawakujua habari za milima ya Upare. Lakini mtu angetaka kuyapima maneno yao mahali pengine, asingepata mahali pazuri kuliko mlolongo huu wa milima utokao Taita, ukapita Upare, Usambara, Nguu, Nguru na Uluguru mpaka Udzungwa.

Tuanze na vyura wenyewe. Mwanzoni mwa karne ya 20, kutoka Amani katika Usambara Mashariki, mahali ambapo Wajerumani walijenga chuo cha utafiti mwaka 1902, alipatikana chura aliyepewa jina la Callulina kreffti. Kwa zaidi ya miaka 90 wataalamu walihesabu aina hiyo moja tu, wakidhani kwamba chura huyo huyo hukaa katika milima yote. Baadaye watu walipokusanya vyura mlima kwa mlima, wakawalinganisha kwa maumbile, kwa sauti na kwa vinasaba, waliona kwamba wanatofautiana. Usambara Magharibi alionekana kisiwamsitu. Mwaka 2009 yule wa milima ya Taita aliandikwa kwa jina la Callulina dawida. Mwaka 2010 waliandikwa watatu wa Upare: Callulina laphami wa Upare wa Kaskazini, na Callulina shengena na Callulina stanleyi wa Upare wa Kusini. Kufikia mwisho wa mwaka huo aina moja ilikuwa imekuwa tisa.

Vyura hawa wana tabia moja iliyo muhimu sana kwa hoja yetu. Hawatagi mayai katika maji. Huyataga ardhini msituni, na watoto hutoka wakiwa vyura wadogo kamili, bila kupita katika hali ya kiluwiluwi. Kwa hiyo hata mto ushukao mlimani haumchukui mtoto wa chura huyu kumpeleka mahali pengine. Msitu ukikatika, na nchi kavu ikaingia kati, ukoo mmoja huwa koo mbili zisizooana tena. Badiliko linalotokea upande huu halifiki upande ule. Muda ukiwa mrefu wa kutosha, koo hizo huwa aina mbili.

Huenda mtu akauliza: Je, haiwezekani kwamba kila mlima uliwekewa viumbe wake tangu mwanzo, kwa kadiri ya hali yake ya hewa? Hilo ni swali la haki, nalo lina njia ya kujibiwa. Kama hali ya hewa ndiyo iliyoamua, basi milima yenye misitu ya mvua inayofanana ingekuwa na viumbe wa namna moja, na mlima mkubwa ungekuwa na wengi kuliko mdogo. Hapo ndipo Kilimanjaro kinapokuwa shahidi mkubwa. Ni kirefu kuliko milima yote ya Afrika, kina msitu mpana wenye mvua nyingi, na kutoka Upare wa Kaskazini huonekana kwa macho. Lakini Callulina hayuko huko. Yuko Taita, ambako misitu iliyobaki ni vipande vidogo vidogo tu. Kwa jumla Kilimanjaro kina wanyama wachache sana wa msituni wasiopatikana mahali pengine, ukikilinganisha na milima hii ya kale iliyo midogo.

Tofauti hiyo haielezwi na mvua wala na baridi. Yaelezwa na umri. Kilimanjaro ni mlima wa volkano, na umri wake hauzidi miaka milioni 3. Upare, Usambara na Taita ni milima ya miamba ya kale sana iliyoinuliwa kwa kupasuka kwa ardhi, na kuinuliwa huko, kwa hesabu ya wataalamu wengi, kulianza si chini ya miaka milioni 30 iliyopita. Pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi zimeilisha misitu yake hata nyakati ambazo sehemu nyingine za Afrika zilikauka. Kisiwa cha kale kimekuwa na muda wa kupata aina zake. Kisiwa kipya hakijapata. Hata wale wakaao Kilimanjaro huonekana kama wageni waliohamia kutoka kwa majirani: kinyonga aitwaye Kinyongia tavetana, kwa mfano, hupatikana Kilimanjaro na Upare pia. Katika milima mingine ya kale, vinyonga wa pembe mbili waliokuwa wakihesabiwa aina moja walitenganishwa mwaka 2008: wa Taita peke yake, wa Usambara Magharibi peke yake, wa Usambara Mashariki peke yake, na wa Nguru peke yake. Na utafiti wa vinasaba vya vinyonga hao, uliotolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba koo nyingi ziliachana zamani sana, kabla ya zile zama za barafu ambazo watu wengi walidhani ndizo zilizozigawa.

Sasa niseme na watu wa lugha. Mtu akilinganisha Kiswahili mtu, Kikamba mundu, Kiganda omuntu na Kizulu umuntu, hasemi kwamba siku moja Mzulu aligeuka Mkamba. Anasema kwamba lugha hizi zina mama mmoja, na kwamba wasemaji walipoachana, sauti zilibadilika kwa utaratibu, kila mahali kwa njia yake. Hakuna aliyemsikia mama huyo akisemwa, wala hakuna maandishi yake. Hata hivyo hakuna mwanachuoni leo anayeshuku kwamba alikuwako, kwa sababu ulinganifu wa sauti katika mamia ya maneno hauwezi kuwa bahati tu. Elimu hizi mbili zilikua pamoja tangu utoto. Wilhelm Bleek, aliyelitia jina la Bantu katika elimu ya lugha, alikuwa binamu wa Ernst Haeckel, mhubiri mkubwa wa mafunzo ya Darwin katika Ujerumani. Kitabu cha Bleek juu ya asili ya lugha kilipotoka mwaka 1868, Haeckel ndiye aliyekiandikia utangulizi. Kabla ya hapo, mwaka 1863, August Schleicher alikuwa ameandika juu ya nadharia ya Darwin na elimu ya lugha, akionyesha kwamba mti wa nasaba ulikuwa ukitumiwa na watu wa lugha. Na Darwin katika kitabu chake cha mwaka 1871 alisema wazi kwamba dalili za kutokea kwa lugha mbalimbali na dalili za kutokea kwa aina za viumbe zinafanana sana.

Lakini mwanalugha mwangalifu anajua pia kwamba kufanana si udugu sikuzote. Kiswahili na Kiajemi vyote vina neno kitabu, wala si ndugu. Vyote vimelipata kwa Waarabu. Katika Upare wenyewe, Kigweno cha kaskazini kina udugu wa karibu na lugha za Kichaga kuliko na Chasu, ingawa wasemaji wake wamekaa karne nyingi na Wapare wengine katika mlima mmoja. Ujirani na nasaba ni mambo mawili, na kazi ya elimu ni kuyapambanua.

Jambo hilo hilo limewapata watu wa viumbe, na katika mlima huo huo. Katika misitu ya Upare wa Kusini yuko ndege mdogo, rangi yake mchanganyiko wa kijani na kijivu, mwenye pete nyeupe kulizunguka jicho. Aliandikwa katika miaka ya 1930 kwa jina la Zosterops winifredae, kwa heshima ya Winifred Moreau. Mumewe, Reginald Moreau, alifanya kazi Amani tangu mwaka 1928 mpaka 1946, akisaidiwa sana na Salimu Asmani, mjuzi wa ndege ambaye sehemu kubwa ya mkusanyo ule ilipita mikononi mwake. Ndege wa pete nyeupe wako Taita pia, na Kilimanjaro, na katika nyanda za juu za Kenya. Kwa muda mrefu wengi waliwaweka wote katika aina moja ya milimani, kwa kuwa wote hupenda baridi na wote wanafanana. Vinasaba vilipochunguzwa katika karne hii, ilionekana kwamba ndege hao wa milimani hawafanyi ukoo mmoja. Baadhi yao wako karibu zaidi na ndege wa nchi za chini kuliko na wenzao wa vileleni. Maisha ya mlimani yaliwafananisha watu wa koo mbalimbali, kama vile ujirani unavyowafananisha wasemaji wa lugha zisizo ndugu.

Msomaji aangalie umuhimu wa habari hii. Inaonyesha kwamba elimu ya mageuko haikusanyi mifano inayoipendeza tu. Ilikuwa na dhana, dhana ikapimwa, ikaonekana ina kasoro, ikatengenezwa. Kwa Kiswahili cha kila siku neno nadharia hutumiwa kwa maana ya wazo lisilothibitika, au la vitabuni lisilofaa kwa kazi. Katika sayansi, nadharia ni maelezo yanayounganisha mambo mengi yaliyothibitika, nayo huendelea kuwekwa mbele ya ushahidi mpya ili ionekane kama itasimama.

Kuna ushahidi mwingine ambao wasomaji wa miswada ya kale watauelewa upesi kuliko watu wengine. Mtu akiwa na nakala tano za utenzi mmoja kwa hati ya Kiarabu, hujua zipi zilinakiliwa kutoka asili moja kwa kuyatazama makosa. Wanakili wawili wasiojuana waweza kuandika neno sahihi lile lile. Lakini kama wote wameruka ubeti mmoja na kuharibu neno moja kwa namna moja, twajua walikuwa na nakala moja mbele yao. Kosa la pamoja ni shahidi mwenye nguvu kuliko usahihi wa pamoja. Ndani ya miili ya viumbe mna maandishi ya namna hiyo. Mbuzi, ng'ombe na wanyama wengi wanyonyeshao hujitengenezea vitamini C katika miili yao. Mwanadamu hawezi, ndiyo maana akikosa matunda na mboga kwa muda mrefu fizi humtoka damu. Hata hivyo maandishi ya kinasaba cha kazi hiyo yangalimo ndani yetu, yameharibika. Na kima na mbega wa misitu ya milimani, pamoja na sokwe, hali yao ni kama yetu: wanacho kinasaba hicho, kimeharibika, na sehemu ya uharibifu wake ni ile ile iliyo katika chetu. Kufanana kwa mikono na uso kungeweza kuelezwa kwa kufanana kwa kazi. Uharibifu usio na kazi yoyote, unaorudiwa kwa namna moja, hauna maelezo rahisi isipokuwa urithi.

Mpaka hapa tumesema habari za mambo yaliyokwenda polepole, juu milimani. Turudi chini, Bendera na nyanda zake, ambako mageuko yamekwenda upesi kiasi cha kuonekana katika maisha ya mtu mmoja. Nyanda hizi ni nchi ya malaria. Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alitoa uchunguzi wake juu ya chembe za damu zenye umbo la mundu katika watu wa Afrika ya Mashariki. Mtoto akirithi kinasaba hicho kwa wazazi wote wawili huugua ugonjwa mzito. Akirithi kwa mzazi mmoja tu, hulindwa kwa kiasi kikubwa asife kwa malaria. Allison alionyesha kwamba kinasaba hiki ni cha kawaida palipo na malaria nyingi, na ni adimu nyanda za juu na nchi kavu zisizo na ugonjwa huo. Hicho ndicho Darwin alichokiita uteuzi wa asili, nacho hakimteui aliye bora kwa kila jambo. Humbakisha tu aliyefaa mahali fulani wakati fulani, tena kwa gharama kubwa.

Mwaka ule ule wa 1954 ulianzishwa mradi mkubwa wa kupambana na malaria katika nchi ya Upare na Taveta, ukaendelea mpaka 1959, kwa kunyunyiza dawa ya kuua mbu katika nyumba. Na katika miaka hiyo hiyo ya 1950 madaktari wa Tanganyika walijaribu kuwapa watu pirimethamini kwa ukawaida ili wasipatwe na homa. Haukupita muda mrefu ikaonekana, katika vijiji vya upande wa Muheza, kwamba dawa haiwaui tena vimelea. Wale wachache waliokuwa na badiliko dogo katika kinasaba kimoja walibaki hai, wakazaana, na wenye kushindwa na dawa wakatoweka. Badiliko hilo sasa linajulikana herufi kwa herufi. Mwaka 2003 watafiti walipolinganisha vimelea sugu vya mkoa wa Kilimanjaro na vile vya KwaZulu-Natal, walikuta kwamba vina nasaba moja, ingawa nchi hizo zimetengana kwa maelfu ya kilomita. Na mwaka uliofuata ilionyeshwa kwamba asili ya ukoo huo ni Asia ya Kusini-Mashariki. Tanzania iliacha klorokwini kuwa dawa ya kwanza ya malaria mwaka 2001, ikashika dawa yenye pirimethamini ndani yake, na ilipofika mwaka 2006 ikalazimika kuiacha hiyo nayo na kuchukua dawa mseto. Mama wa Bendera aliyempeleka mtoto wake zahanati akapewa dawa isiyofanya kazi alikutana na mageuko ya viumbe, awe ameyasikia au hakuyasikia. Kwa hiyo elimu hii haifai kuachwa kuwa mali ya wenye darubini peke yao.

Yafaa pia kutaja mipaka ya mfano wetu wa lugha, asije mtu akauvuta kupita kiasi. Katika Usambara na Upare wako Wambugu, ambao Kimbugu chao kina sarufi ya Kibantu iliyo kama ya Chasu, na wakati huo huo kina maneno mengi yenye asili ya Kikushi. Lugha yaweza kuchanganyika hivyo hata ikawa vigumu kumtaja mama yake. Vyura na vinyonga wakiisha kuachana vya kutosha hawachanganyiki namna hiyo, kwa hiyo mti wa nasaba yao huwa wazi zaidi. Bakteria lakini hupeana vinasaba kwa wepesi, na kwao mti huwa kama wavu. Vilevile mpaka kati ya aina mbili za viumbe si mkali sikuzote, kama vile mpaka kati ya lugha na lahaja usivyokuwa mkali. Yale maua ya Usambara yaliyopata umaarufu duniani baada ya mbegu zake kupelekwa Ujerumani mwaka 1892 na Walter von Saint Paul-Illaire, yalihesabiwa kuwa aina kama 20 katikati ya karne ya 20, na mwaka 2006 yakapunguzwa kuwa 6. Wengine huiona hali hiyo kuwa udhaifu wa elimu. Kwa kweli ndivyo inavyotazamiwa: ikiwa aina mpya hutokea kidogo kidogo, hatuna budi kuzikuta nyingine katikati ya njia.

Wako wanaoogopa kwamba elimu hii inamwondoa Mungu ulimwenguni. Hilo si swali ambalo vyura wa Shengena waweza kulijibu, wala mtaalamu wa vyura kwa kazi yake. Yeye huuliza mambo yalikwendaje, na jibu lake hupimwa kwa ushahidi ulio mbele ya watu wote. Na ushahidi huo, tumeona, hautoki mahali pamoja. Umri wa miamba hupimwa na watu wa miamba, wasiojali vyura. Maumbile huangaliwa kwa macho, vinasaba husomwa kwa mitambo, na mahali pa kukaa viumbe huchorwa katika ramani. Mashahidi hawa hawakupatana kabla ya kuja barazani, na wanapotoa habari moja, hakimu mwadilifu huisikiliza.

Lakini mashahidi wa milimani hawatakuwako daima. Walioandika habari za vyura watatu wa Upare mwaka 2010 walisema palepale kwamba wote wamo katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, kwa kuwa makao yao ni madogo mno na misitu inaendelea kupungua. Chura wa maporomoko ya Kihansi, katika Udzungwa, alipewa jina la sayansi mwaka 1999; maji ya mto yalipogeuzwa kwa ajili ya umeme makao yake yalikauka, na mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini, akabaki katika vizimba vya kufugiwa tu. Miaka 10 ilitosha kwa kiumbe kupewa jina na kutoweka. Wanachuoni wa Kiswahili wanajua uchungu wa mswada uliokuwa na nakala moja, ukaliwa na mchwa kabla ya mtu kuusoma. Msitu wa Chome ni mswada wa namna hiyo. Hauna nakala Kilimanjaro, hauna nakala Usambara, na sehemu kubwa ya kurasa zake bado haijasomwa.